Ndege Haikungoja Ijae

Ndugu wasomaji, leo twapenda kuwasimulia safari moja tuliyoifanya angani. Hatusimulii kwa kujisifu kuwa tumepanda ndege, kwani siku hizi hata watoto wachanga hupanda. Twasimulia kwa sababu katika safari hiyo tulisomeshwa jambo ambalo sisi, pamoja na miaka yote tuliyoketi mkekani kusomesha wana wa watu, tulikuwa hatujalijua. Na aliyetusomesha alikuwa binti, umri wake kama wa wanafunzi wetu wa zamani.

Sisi tu watu wa Kidahwe, pale barabara itokayo Kigoma inapogawanyika, moja ikashika njia ya Kasulu na nyingine ya Uvinza. Mtu wa njia panda huzoea kungoja. Gari la abiria haliondoki mpaka lijae. Konda hupiga kelele, "Bado mmoja!" na huyo mmoja akipatikana, huwa bado mmoja tena. Hata wazee wetu wa Ujiji walikuwa watu wa kungoja, kwani katika zama za misafara hapakuwa na mwenye akili aliyeshika njia ya pwani na watu wachache. Ilibidi watu watimie kwanza, kwa hofu ya njia. Kungoja kwao kulikuwa na maana. Lakini tabia hiyo ya kungoja ijae ilituingia sisi hata mahali pasipostahili, nayo ikatufikisha katika kosa tunalotaka kulikiri hapa.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 mvua zilikuwa kali. Jioni moja walifika chuoni wanafunzi 4 tu, nasi tulizoea kuwa nao zaidi ya 30. Mmoja wao alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne hivi, atokaye mbali kuliko wote. Juzuu yake aliifunga katika mfuko wa nailoni akaificha kifuani isilowe, lakini yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa. Tukawatazama, tukawaambia, "Rudini makwenu. Leo hapana chuo, hamkutimia." Yule mvulana akauliza, "Maalimu, hata aya moja?" Tukamjibu kwa ukali kuwa hatuwezi kuchosha koo kwa ajili ya watu wanne. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu hakuja, wala wiki iliyofuata. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, hatukumwulizia.

Kisha ukaingia ugonjwa wa Korona. Mwezi wa Machi shule zikafungwa nchini kote, na chuo chetu tukakifunga. Mwezi wa Juni tukapata habari kuwa dada yetu aliyeko Dar es Salaam ni mgonjwa sana. Mkwe wetu, Mungu ambariki, akatukatia tiketi ya ndege, kwani kwa njia ya ardhi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, na mgonjwa hangoji.

Tulipofika katika kiwanja cha ndege cha Kigoma tulidhani tumekosea siku. Tulikuwa abiria 7 tu, kila mmoja na barakoa yake, tumekaa mbalimbali kama watu waliogombana. Tukamwambia mzee mmoja wa Kiha aliyekaa karibu nasi, "Mzee mwenzetu, leo hapana safari. Watatuambia turudi kesho, hatukutimia." Yule mzee akacheka, akasema, "Maalimu, hili si gari la Mwanga." Na kweli, saa yetu ilipofika tukaitwa. Ndege yenyewe ilikuwa na viti zaidi ya 70.

Ndugu msomaji, nafsi ya mwanadamu ni kitu cha ajabu. Tulipoketi na kuona safu nzima za viti hazina mtu, nafsi ilituambia kuwa ndege imeruka kwa ajili yetu. Tukaona ni haki yetu kwenda kukaa mbele tunapopenda. Tulipoinuka tu, binti mtumishi wa ndege akatujia kwa adabu, akasema, "Shikamoo Baba. Naomba mrudi katika kiti mlichopangiwa mpaka tufike juu. Tukiwa wachache, mahali anapokaa kila mtu huingia katika hesabu ya mizani ya ndege." Tukarudi tumeinamisha kichwa. Tulidhani uchache wetu umetufanya tusiwe na uzito, kumbe ndio uliofanya uzito wa kila mmoja wetu uhesabiwe.

Kisha binti huyo akasimama katika njia ya katikati. Akaonyesha namna ya kufunga mkanda na kuufungua. Akanyoosha mikono kuonyesha milango ya hatari, mbele, kisha nyuma. Akavaa koti la kuokolea maisha, akatuonyesha filimbi yake. Hakuruka neno, wala hakufanya haraka. Mbele yake palikuwa na viti vitupu na vichwa 7, na mmoja wetu alikwisha kulala. Alipomaliza akapita kukagua mikanda yetu mmoja mmoja. Alipofika kwetu tukamfanyia mzaha, "Mwanangu, mbona wajichosha? Sisi ni saba tu." Akajibu, "Baba, hata angekuwa mmoja, naye angehitaji kujua mlango uko wapi."

Maneno hayo yalitupiga. Ndege ikaruka, tukasoma dua ya safari, tukageuza uso dirishani. Chini yetu lilitandazwa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Tuliona vyombo vya wavuvi, vidogo kama punje za mtama. Hapo akatujia moyoni yule mvulana aliyelowa. Alikuja kwetu kuuliza mlango uko wapi, nasi tukamwambia hawakutimia.

Upande wa pili wa njia alikaa mtu mzima aliyesema kuwa amefanya kazi viwanjani miaka mingi. Tukamwuliza ni hesabu gani hii, ya kurusha chombo kikubwa namna hii kwa watu saba. Akatueleza kuwa ndege haifungi safari moja peke yake, bali safari zake zimefungamana kama shanga katika uzi. Ndege ile ile iliyotubeba sisi inangojwa na watu wengine mbele, na isipofika kwa saa yake, hao nao wataachwa. Wako waliokata tiketi mwezi mzima kabla, wengine wakiwa wagonjwa. Kisha akasema, "Na kiti kikiruka kitupu, hakiwekwi ghalani kuuzwa kesho. Kimekwenda." Tukasema moyoni: na jioni ya chuo ikipita bila somo, nayo haiwekwi ghalani.

Hatusemi kuwa kila safari tupu ni njema. Mwaka huo huo dunia nzima ilijaa ndege tupu. Kwa hesabu za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, abiria walioruka mwaka 2019 walikuwa karibu bilioni 4.5, na mwaka 2020 wakashuka hadi bilioni 1.8 hivi. Na huko Ulaya pana kanuni kuwa shirika lililopewa nafasi za kuruka na kutua katika kiwanja chenye msongamano hulazimika kuzitumia kwa kiasi cha 80 katika 100, la sivyo nafasi hizo hupewa wengine. Basi ugonjwa ulipoanza, yakawako mashirika yaliyorusha ndege karibu tupu, yakiteketeza mafuta, ili kulinda nafasi tu. Mwezi wa Machi 2020 wakuu wa Umoja wa Ulaya wakaisimamisha kanuni hiyo kwa muda. Dini yetu yatukataza israfu hata katika maji ya udhu, sembuse mafuta ya ndege.

Hapa ndipo penye tofauti, nasi walimu yatupasa tujipime. Yuko arukaye na wachache kwa sababu ametoa ahadi, na yuko arukaye mtupu ili asinyang'anywe nafasi. Wako miongoni mwetu wenye chuo ambacho hakisomeshi mtu, lakini ubao wa jina umetundikwa mlangoni ili sadaka zisikatike. Huyo asijifariji kwa makala hii. Lakini mwenye watoto watatu waliokuja kweli kweli, na mlango wake akaufunga kwa kuwa hawakutimia, huyo ndiye sisi tuliyekuwa.

Na laiti tungalizingatia dini tunayoisomesha, tusingalihitaji kupanda ndege ndipo tuelewe. Sala husimamishwa wakati wake ukiingia, haingoji msikiti ujae, na imamu na maamuma mmoja ni jamaa. Mwadhini hapunguzi maneno ya adhana kwa kuwa ni alfajiri ya baridi na watu wamelala. Nabii Nuhu (A.S.) alikaa na watu wake miaka 950, wakaamini wachache. Tena tumefundishwa kuwa siku ya Kiyama wako Manabii watakaokuja na mtu mmoja au wawili, na wako watakaokuja bila mtu, nao ni Manabii vile vile. Hata Hija ya mwaka ule yatosha kuwa funzo. Mwaka 2019 mahujaji walikaribia milioni 2 na nusu, lakini mwaka 2020 waliruhusiwa wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Wengi wa Tanzania waliokuwa na nia walibaki nyumbani na huzuni yao. Lakini siku ya Arafa ilipofika, Hija ikasimama kwa wale wachache, maana wakati wake ulikuwa umefika.

Tulimkuta dada yetu amepata nafuu, alhamdulillahi, nasi tukarudi Kigoma. Katika ndege ya kurudi tulikuwa 5. Safari hiyo tulikaa katika kiti chetu bila kuambiwa, na maelezo ya mkanda tukayasikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Shule za msingi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020, tukafungua chuo. Siku ya kwanza walikuja watoto 3, kwani wazazi walikuwa bado na hofu. Tukakaa, tukasomesha saa mbili kamili, na mwisho tukaomba dua ile ile ndefu ya siku chuo kinapojaa. Kisha tukafanya lililobaki, nalo lilikuwa zito kuliko yote. Tulitafuta habari za yule mvulana, tukaambiwa yuko mwaloni Kibirizi, anavua dagaa. Tukamfuata.

Alipotuona alisimama, akatuamkia kwa heshima, akatazama chini. Tukamwambia mbele ya wenzake kuwa siku ile tulikosa, na kuwa tumekuja kumtaka radhi. Yeye akasema, "Maalimu, nilidhani hamnitaki." Hatukuwa na jibu. Tukamwuliza kama atarudi chuoni, akasema hawezi, kwani mama yake anamtegemea na kazi yao ni ya usiku. Basi tukapatana. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo vyombo hupumzika. Tukasema, "Basi siku za mbalamwezi zitakuwa zetu." Kila mwezi akawa anakuja siku chache hizo, mara nyingi yeye peke yake, akasoma. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa katika ziwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, alikuja kila siku. Sasa ni kijana mkubwa, na amefika Surat Yasin. Hajahitimu. Mwendo wake ni wa taratibu, lakini anakwenda.

Ndugu walimu wenzetu, wakati wa somo ukifika, fungueni mlango na msomeshe aliyekuja. Msiwahesabu waliokosekana kabla hamjamtazama aliyefika, hasa aliyelowa. Ninyi wazazi, mkimwona mtoto amerudi mapema kwa kisa cha kuwa hawakutimia, njoni mtuulize, nasi tusikasirike. Nanyi vijana, mkienda darsani mkajikuta wawili, msione haya wala msirudi. Uchache wenu haupunguzi ujira wenu kwa Mola wenu.

Na sisi wenyewe twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe zile jioni mbili za mvua. Tumekwisha mwomba radhi yule kijana, naye ametusamehe, lakini kila mvua inyeshapo saa ya chuo twasikia sauti yake akiuliza kama hatapata hata aya moja.

Wa billahi ttawfiq.