Kwa Miguu Katika Copenhagen

Mgeni afikaye Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, hana haja ya kukodi motokaa wala kutafuta mtu wa kumwongoza. Mji ni tambarare. Ramani na viatu vizuri vyatosha.

Na aanzie Rundetårn, yaani Mnara wa Mviringo, uliomalizika mwaka 1642 kwa amri ya Mfalme Christian IV, ili wataalamu wapate kutazama nyota. Ndani mwake hupandi ngazi ila kule juu kabisa. Ni njia ya matofali izungukayo mara saba na nusu. Yasimuliwa kwamba Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, aliipanda mwaka 1716 juu ya farasi. Sisi wengine hutumia magoti yetu.

Kutoka juu utaona mapaa ya mji uliojua moto. Moto wa mwaka 1728 uliteketeza vitabu vingi vya chuo kikuu vilivyowekwa papo hapo, juu ya kanisa lililoungana na mnara. Mwaka 1807 Waingereza waliupiga mji kwa mizinga, na Vor Frue Kirke, Kanisa la Bibi Yetu lililo jirani, likaungua. Lilijengwa upya, nawe usilipite. Ndani wamesimama Mitume wa marumaru, kazi ya Thorvaldsen, sita huku na sita huku, Paulo akiwa mahali pa Yuda. Na mbele yao Kristo, mikono wazi.

Sanamu ya Nguva, ya mwaka 1913, iko mbali kidogo, nayo haifiki hata meta moja na nusu. Wengi huirudia njia wamenuna.

Afadhali uende Børsen, lililojengwa karne ya 17 liwe soko la wafanya biashara. Tarehe 16 Aprili 2024, lilipokuwa likitengenezwa, liliwaka moto, na mnara wake wa mikia minne ya mazimwi iliyosokotana ukaanguka. Lakini wazima moto, wafanyakazi na hata wapita njia walikuwa wamekwisha kuingia, wakatoka wamebeba picha kubwa za kale mabegani, moshi ukiwa juu ya vichwa vyao. Nani aliwaagiza? Wenye jengo waliazimia kulijenga tena kama lilivyokuwa.

Kisha vuka daraja hadi Vor Frelsers Kirke, Kanisa la Mwokozi. Ngazi zake ni 400, na zile 150 za mwisho ziko nje, zimeuzunguka mnara, zikizidi kuwa nyembamba mpaka hakuna pa kuweka mguu. Mwenye kizunguzungu na asubiri chini.