Neno Alilolikataa Mama Mkubwa

Mwezi wa sita nilishuka Mahagi-Port na nakala ya sura ya pili ya tasnifu yangu, inayohusu msamiati wa uvuvi katika Kialur. Binamu yangu alimsomea mama mkubwa akimtafsiria, huku yeye akigeuza samaki juu ya moshi. Alisikiliza mpaka ukurasa wa saba, kisha akasimamisha mkono.

"Ile neno nilikukatalia," alisema. "Nilikupigia simu nikakuambia si ya kwetu, ni ya watu wa Panyimur. Ukanijibu, mama, nimeandika."

Nilikuwa nimeandika kweli, na aibu yangu ilianzia hapo hapo. Neno lenyewe, la aina fulani ya wavu, alinitajia mwezi wa kwanza gengeni, akiwa na mnunuzi aliyevuka kutoka Uganda. Alilitumia kwa heshima ya mgeni. Mwezi wa nne akanisahihisha kwa simu, katikati ya habari za msiba na karo ya watoto. Dokezo la kwanza nililiweka chini ya lebo ndefu: lugha/kinailo/kiluo/kialur/uvuvi/nyavu. La pili nikaliweka familia/simu. Nilipoandika sura, nilifungua tawi la nyavu nikachuma nilichokikuta. Jina la mama mkubwa likachapwa chini ya neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelirudisha kwa wenyewe.

Sisi wa isimu tunapenda miti. Tunafundishwa nasaba: Kinailo, Kinailo cha Magharibi, Kiluo, Kialur. Kwa hiyo nilipopata programu inayoruhusu lebo kuzaa lebo kwa mkwaju, nilifurahi kama mtu aliyepewa kabati jipya. Tatizo ni kwamba mti unakulazimisha uamue kipi kiwe shina kabla hujajua utauliza swali gani. Lugha ikitangulia, mahali panafichwa. Mahali pakitangulia, msemaji anafichwa. Hata herufi na nambari za Guthrie, zinazotuandikia Kiswahili G42 na Kibira cha hapa kwetu Ituri D32, ni anwani tu na si ukoo, ingawa wengi wetu tunazisoma kama ukoo siku ya mtihani.

Dawa ni ya zamani kuliko kompyuta zetu. S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alitoa mwaka 1933 mfumo wa kuainisha vitabu ambao haukuanza na shina moja. Kila kitabu kiliangaliwa kwa nyuso kadhaa, zikiwemo mahali na wakati, na nyuso hizo zikaunganishwa kwa nukta pacha. Huhitaji kuamua uso upi ni mkubwa. Unauliza kwa uso unaoutaka, kisha unapunguza kwa mwingine.

Msemaji wa Kiswahili anafanya hivyo bila kuambiwa. Viboko hawa wametoka ziwani. Viboko hivi vimekatika. Umbo ni lile lile la ki-/vi-, lakini upatanisho unauliza swali la pili: kina uhai au hakina? Ngeli ingekuwa droo moja tu, mnyama na mjeledi wangelala pamoja milele.

Na ziwa lenyewe je? Kwa Wanyoro ni Mwitanzige, muuaji wa nzige. Waalur nao wana jina lenye bonyo, nzige wale wale. Samuel Baker aliliita Albert mwaka 1864, na enzi za Zaire likapewa jina la Mobutu Sese Seko. Utalifungulia tawi lipi?

Nilirudi nikavunja mti. Madokezo 1,312, wiki tatu, umeme ukija na kuondoka. Sikuvunja kila kitu: nasaba ya lugha nimeiacha na mikwaju yake, kwa sababu pale kweli kuna mzazi na mtoto. Mengine yote nimeyasimamisha sambamba: msemaji, mahali, tarehe, mada, na uso mmoja ambao sikuwa nao kabisa, niliouita hali. Neno limethibitishwa, lina shaka, au limekataliwa na msemaji. Huo wa mwisho umenigharimu kazi kuliko yote, maana kompyuta haiwezi kuujaza. Ilibidi nisome upya kila mazungumzo ya simu, hata yale ya karo.

Kisha nikatafuta: lugha Kialur, mahali Mahagi-Port, hali limekataliwa. Nilitegemea dokezo moja. Yalitoka saba. Manne ni ya mama mkubwa, mawili ya mvuvi mmoja mzee, na moja ni la marehemu babu, aliyeniambia kwa upole mwaka juzi kwamba nimemsikia vibaya. Nikalibandika familia.

Ya mama mkubwa tumeyapitia kwa simu. Mawili ameyakataa tena, moja amelikubali kwa sharti niandike kwamba husemwa na wauzaji tu, na lile la wavu ameniagiza nilipeleke Panyimur nikawaulize wenyewe. Silitaji hapa mpaka nifike. La babu nimelisikiliza mara nyingi katika rekodi. Upepo wa ziwa unafunika silabi ya pili, na sijui nimwulize nani.