Bei ya kutundika televizyo nne

Wasikilizaji wa Mulongo, na ninyi ndugu mliokimbia vijiji vyenu, kijana mmoja wa familia zilizohama alipewa kazi ya kutundika televizyo nne katika chumba cha video. Walipatana bei kwa kila televizyo. Hesabu hiyo mimi siipendi.

Kazi yenyewe ni ukuta. Tofali la kuchoma linashika skurubu. La udongo mkavu linabomoka ukilitoboa, basi unahitaji ubao mpana na bolti ndefu zinazotokea upande wa pili. Ubao ananunua nani? Na mafuta ya jenereta ya kutobolea? Kijana alilipa yote mwenyewe, akarudi nyumbani na pesa ya unga wa siku mbili. Mwenye chumba yeye alisema wamepatana.

Vijana, gongeni ukuta kwanza, ndipo mtaje bei. Televizyo ya kwanza inakula muda: kupima kimo, kuvuta kamba, kusawazisha. Zinazofuata kwenye mstari uleule ni nyepesi, hapo mnaweza kupunguza pesa ya mkono. Ya ubao msipunguze hata franga moja, tena iombeni mbele. Watoto wanakaa chini kabisa ya televizyo hizo.