Usiondoke Bila Karatasi

Likoni, Mombasa

Mpwa wangu,

Mamako hajambo ila lile goti, na mdogo wako ameanza chuo. Nimesikia kutoka Changamwe, tena si kwa kinywa kimoja, kwamba wakala wa ajira amekwisha kukupatia kazi ya ulinzi nchi za Ghuba, na kwamba unangoja likizo tu upande ndege bila kuwaaga wakubwa wako kambini Mtongwe. Huenda ni uvumi. Nakuandikia endapo si uvumi.

Sina neno na Ghuba. Vijana wa Kisauni na Likoni wanakwenda, na anayeleta riziki nyumbani hatukanwi. Ninachokataa ni njia, maana wewe ni mwanajeshi. Katiba ya 2010, kifungu cha 24, inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za mwanajeshi, zikiwemo za kazi. Mlinzi wa hoteli akiacha kazi ghafla hukosa mshahara. Wewe ukiacha hivyo unakuwa mshtakiwa. Tena Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 inatenga makosa mawili: kukosa kazini bila ruhusa, na kutoroka. Kinachoyatenga ni nia. Aliyechelewa kurudi kutoka likizo anaweza kujitetea kwamba alikusudia kurudi. Aliyetia sahihi mkataba na mwajiri mwingine ng'ambo ameiandika nia yake kwa mkono wake. Polisi wa jeshi hana haja ya werevu hapo. Kazi hiyo niliifanya hadi nikastaafu, na ukoo huu uliidharau, eti ni kazi ya kuwafunga wenzio. Hata waliokuja kuniomba niwaombee watoto wao nafasi jeshini walisema hivyo. Lakini kazi hiyo inampa mtu macho ya kusoma jalada.

Kumbuka kesi ya 2014. Mahakama ya kijeshi ilikaa hapo hapo Mtongwe ikawahukumu kifungo cha maisha wanajeshi wa zamani walioacha vikosi vyao wakafuata malipo mazuri Iraq na Afghanistan. Majeshi yetu yalikuwa Somalia tangu Oktoba 2011, na kutoroka wakati wa vita hakupimwi kwa mizani ya siku za amani. Watu hao walikwenda mbali kuliko unakotaka kwenda wewe, na bado walisimama kizimbani upande huu wa feri. Utaniambia Mahakama Kuu iliwapunguzia adhabu baadaye. Ni kweli, na ni vyema: mahakama ya kijeshi imo katika Katiba, kifungu cha 169, miongoni mwa mahakama za chini, na hukumu yake hukatiwa rufaa. Lakini rufaa huanza ukiwa umekwisha kufungwa, na wakili hulipwa na mama mwenye goti bovu.

Utasema pia sheria huwaandama wadogo. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, mwaka 2013, jeshi lilitangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa uporaji, na watu wengi waliuliza kama ni hao wawili tu. Hata mimi sikupenda swali hilo lilivyojibiwa. Ila hilo la wadogo kuandamwa likiwa kweli, hoja inakugeukia: kama mkubwa ana wa kumkinga na wewe huna, basi wewe ndiye mwenye haja zaidi ya barua yenye mhuri. Kwamba mshahara hautoshi sikubishii. Hiyo ni sababu ya kuomba kuachishwa, nayo maombi hayo yana njia yake, ya polepole na ya kuudhi, ambayo mwisho wake unatoka na cheti cha utumishi wako badala ya jina lako kuwa kwenye orodha ya wanaotafutwa.

Wakala usimwachie pasipoti. Kiwanja cha Shika Adabu usikiuze kwa ajili ya nauli. Na huyo rafiki anayekwambia hakuna anayefuatilia, muulize yeye alitoka jeshi gani.

Andika maombi yako wiki hii, yapitie kwa kamanda wako, lakini niletee kwanza niyasome kabla hujatia sahihi. Likizo ikianza, uje hapa kabla ya kwenda Changamwe.

Ni mimi mjomba wako.