Kuacha Pombe Bila Kuacha Imani Yako

Nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka kumi, kwanza Tanga na sasa Uingereza, na kote nimehudumia watu wanaojaribu kuacha pombe. Jambo hili lilipoingia kwenye ukoo wetu ndipo nilipoona upande ambao wodini hatuuoni. Mtu wetu akishakubali kuacha, hubaki na swali jingine: nitaacha pamoja na nani, na njia yao itaniweka wapi mbele ya Mungu wangu?

Ninayemzungumzia ni mdogo wangu wa kiume. Ameniruhusu niandike, ila jina lake tuliache. Sisi ni Waislamu, marehemu baba alisomesha madrasa, na mdogo wangu hajawahi kuonekana baa. Alikuwa dereva wa gari la mizigo, zamu za usiku. Akirudi asubuhi alijifungia chumbani na vodka iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, akanywa ili apate usingizi. Baadaye alikunywa ili mikono isitetemeke.

Wiki moja kabla ya Ramadhani alimwambia mkewe kwamba kuanzia siku hiyo hagusi tena. Nia ilikuwa njema sana, na ilikuwa ya hatari pia. Jioni wifi alinipigia: "Wifi, ndugu yako anatoka jasho jingi, anatapika, na anasema kuna watu dirishani." Nilimwambia apige 999 wakati huo huo.

Naomba kila familia isome hapa polepole. Mtu anayekunywa sana kila siku, mwili wake umeshazoea pombe. Akiikata ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Wapo wanaokufa kwa hali hiyo. Ndiyo maana anayekunywa kwa kiwango hicho hapaswi kuanza kwa kiapo peke yake, awe anajiandaa na Ramadhani, Kwaresima au mfungo wa maombi. Aanze kwa daktari. Hospitali walimpa mdogo wangu dawa za kuutuliza mwili, zikapunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 kwa ajili ya kuukinga ubongo. Kwa kadiri ninavyoielewa dini yangu, kuilinda nafsi ni ibada pia.

Baada ya wiki hiyo mwili ulitulia. Kazi iliyobaki ilikuwa kuishi bila kurudi kwenye chupa.

Mahali pa kwanza alipoelekezwa ni Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA. Ilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na watu wawili waliokuwa walevi, Bill Wilson na daktari Bob Smith. Haina ada. Watu hukutana, husimuliana, na hufuata hatua 12. Baadhi ya hatua hizo zinamtaja Mungu, kwa jinsi kila mmoja anavyomwelewa. Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane walizipitia tafiti 27 kuhusu njia hii, wakaona kwamba katika kuwafikisha watu kwenye kuacha kabisa inalingana na tiba nyingine zilizozoeleka, na mara nyingi inazipita kidogo. Kwa hiyo si jambo la kudharau.

Mdogo wangu alihudhuria mara moja. Kikao kilikuwa ukumbi wa kanisa. Alipotoka akaniambia, "Dada, watu wazuri, sina neno nao. Lakini pale mtu anasimama anasema madhambi yake mbele ya kadamnasi. Baba alitufundisha Mungu akikusitiri, nawe jisitiri."

Sikumbishia. Jambo alilolitaja lina uzito katika dini yetu, na mtu aliyeshikwa mkono kwa nguvu huponyoka mara tu unapogeuka. Nilimwomba tu asirudi nyumbani mikono mitupu, tutafute njia nyingine.

Njia zipo. Kuna SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, isiyozungumzia dini kabisa. Inafundisha mtu kuzijua fikra zinazomsukuma kunywa, kuivumilia hamu mpaka ipite, na kupanga siku yake. Inawafaa wasioamini, na hata waumini wanaopenda ibada yao ibaki msikitini au kanisani. Kuna Millati Islami, iliyoanzishwa na Waislamu mjini Baltimore mwaka 1989. Hao wamezichukua hatua 12 na kuzipanga upya kwa misingi ya Uislamu. Kwa ndugu zetu Wakristo, kuna Celebrate Recovery, iliyoanzia kanisa la Saddleback huko California mwaka 1991, ambayo inamtaja Yesu waziwazi. Rafiki yangu wa Moshi, Mlutheri, aliona AA haimtaji Bwana wake vya kutosha, wakati mdogo wangu aliona ina ukanisa mwingi. Kikao kile kile, macho mawili.

Kilichomlegeza mdogo wangu ni sauti ya rafiki yake wa utotoni. Huyo aliingia kwenye unga, akapona kupitia soba hausi ya Zanzibar. Soba hausi nyingi za kule zinatumia hatua 12, na wakazi wake wengi ni Waislamu wanaoswali swala tano. Alimtumia ujumbe wa sauti: "We bwana, hatua ni ngazi tu. Unapanda ukielekea kwa Mola wako."

Kisha akaenda kwa shehe, faragha. Shehe alimwambia kwamba kutangaza dhambi ni jambo moja, na kumweleza tabibu ugonjwa ili akutibu ni jambo jingine. Akamkumbusha pia kuwa hata katazo la pombe lilishuka kwa awamu, mpaka aya ya Al-Maida ilipofunga mjadala. Mdogo wangu alilia, akaniambia ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza habari hii na mtu wa dini bila kuhisi anafukuzwa.

Leo njia yake ni ya kushona vipande. Ana kikao cha SMART Recovery kila wiki, kikao cha Waislamu kwa intaneti, na acamprosate, dawa ya kupunguza hamu aliyoandikiwa na daktari. Ana pia swala ya alfajiri msikitini, saa ile ile aliyokuwa akiwaza chupa. Amefikisha mwaka mmoja na miezi minne.

Ililazimu alipe gharama. Sheria ya Uingereza inamtaka dereva mwenye utegemezi wa pombe aiarifu mamlaka ya leseni, DVLA. Aliarifu, akasimamishwa kuendesha, akahamia kupanga mizigo ghalani kwa mshahara mdogo. Nyumba ya mama aliyokuwa akiijenga Tanga imesimama kwenye lenta. Alimpigia mama mwenyewe akamweleza sababu. Nilidhani mama angezimia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nyumba itangoja. Wewe hungojeki."

Kwa familia zenye mtu wa namna hii, nina machache ya kushauri. Mwulizeni yeye anaamini nini kabla ya kumchagulia kikao, na akisema hapa hapanifai, mwulizeni ni kitu gani hasa hakikumfaa. Ajaribu zaidi ya kikao kimoja, maana vikundi vya jina moja hutofautiana. Kama Kiingereza ni kizito, aombe mkalimani wa hospitali, hata wa simu, ambaye hatokani na jamii yenu. Huduma hiyo hapa Uingereza hailipiwi na mgonjwa. Asiogope kwamba muuguzi wa Kiswahili atapeleka habari harusini. Tunafungwa na kiapo cha siri, na anayekivunja anaweza kupoteza kazi yake.

Kwa vijana wanafunzi mnaokunywa peke yenu bwenini mkiogopa nyumbani wasijue: daktari hampigii mama yako simu. Nenda. Ukifika, mwambie unakunywa kiasi gani kwa siku, bila kupunguza, kwa sababu dawa ya kukuvusha salama inapimwa kwa jibu hilo.