Unyevu wa Chini

Nilipokuwa nikisomesha Kericho, niliazimia kuuza pikapu yangu kuukuu ya dizeli. Kila asubuhi niliikuta imeacha doa jeusi uani. Fundi akaingia chini yake, akasema mpira unaozuia oili nyuma ya injini umekwisha, na kuubadilisha ni lazima giaboksi ishushwe. “Lakini, Sheikh, tukiiosha injini, mnunuzi hataona kitu.” Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kuridhia.

Usiku nikamsimulia mke wangu. Akaniuliza, “Mkulima huyo atapakia majani ya chai na wanawe katika miteremko ya Bomet. Oili ikiisha, injini ikikamata, utasema hukujua?”

Nikakumbuka hadithi niliyoisomesha miaka mingi: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone.

Asubuhi nilimwonyesha mnunuzi lile doa. Akakata gharama ya fundi katika bei, tukapeana mikono. Mwenyezi Mungu atujaalie wake wenye kutukumbusha. Amin.