Tai ya Mjukuu Wangu

Nilifundisha kwa miaka 38, na zaidi ya 25 katika hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu hawezi kumwona mtoto bila kutazama kwanza kola, kisha vifungo, kisha viatu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba nidhamu huanzia kwenye ukaguzi wa usafi wa asubuhi. Niliamini hivyo, na kwa sehemu kubwa ningali naamini. Lakini mara mbili katika maisha yangu niliitumia imani hiyo vibaya, na mara ya pili ndiyo iliyonikumbusha ya kwanza.

Mwezi Agosti 2023, binti yangu ambaye ni muuguzi nchini Uingereza alinialika nisafiri naye katika meli ya watalii pamoja na wanawe wawili, mvulana wa miaka 8 na msichana wa miaka 5. Baba yao alibaki kazini. Safari ilikuwa ya siku saba usiku na mchana, kutoka Southampton hadi Norway na kurudi. Mjukuu wangu hakungoja hata tupande meli. Aliniarifu pale pale bandarini kwamba Titanic nayo iliondokea Southampton, tarehe 10 Aprili 1912. Alilisema jambo hilo kwa furaha ambayo mimi sikuwa nayo.

Ndugu msomaji, meli hizo zina desturi zake za mezani. Usiku mwingi watu hula wakiwa wamevaa kawaida, yaani shati safi na suruali, au gauni jepesi. Lakini katika safari ya siku saba huwa kuna usiku mmoja au miwili ya mavazi rasmi. Hapo wanaume huvaa suti nyeusi na tai, wanawake magauni marefu, na ukumbi mkubwa wa chakula hung'aa kama wa harusi. Asiyependa kujipamba hakosi chakula. Huenda kwenye ukumbi mwingine ambako watu hujipakulia wenyewe. Kwetu usiku huo ulikuwa wa pili na wa sita. Kila jioni karatasi ililetwa chumbani kueleza ratiba ya kesho na mavazi yanayotakiwa. Niliisoma karatasi ile kama nilivyokuwa nikisoma waraka kutoka wilayani.

Basi usiku wa pili nikajitwalia kazi ya kumvisha mvulana. Mama yake alikuwa amemnunulia suti ndogo ya rangi ya kijivu. Tai niliinunua mimi mwenyewe siku mbili kabla ya safari. Nilimfunga fundo kama nililofundishwa ujanani, nikambana kifungo cha juu.

"Babu, inanikaba."

"Utazoea. Simama wima."

Viatu vilikuwa vipya, havijapata kuvaliwa hata siku moja. Bahari nayo ilikuwa imeanza kuyumba kidogo. Tulipoketi, supu ikaletwa, na mtoto akaanza kuvuta kola kwa vidole. Nikamtazama. Akaacha. Baada ya muda akavuta tena, machozi yanamlengalenga, akaomba aivue.

"Anayekula meza hii anavaa tai," nikamwambia. "Asiyetaka tai, hataki chakula."

Binti yangu akasema taratibu, "Baba, hapa si shuleni." Nami nikanyamaza, kama anyamazavyo mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Mtoto akateremka kitini, akatoka bila kula, mama yake akamfuata. Nilibaki na mjukuu wangu wa kike, mchumba wangu kama tunavyotaniana, ambaye alikuwa akichezea leso ya mezani iliyokunjwa na mhudumu ikawa umbo la sungura. Akaniuliza, "Babu, kaka amefukuzwa?"

Neno lile ndilo lililonirudisha nyumbani, mwaka 1983.

Wanaokumbuka miaka ile wataelewa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na nchi ilikuwa haina kitu. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na kitambaa cha sare kilikuwa habari ya kusikia tu. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu kijana, mwenye hamu ya kuonekana. Tulipowaaga watoto wa darasa la saba tuliandaa pilau, jambo kubwa kwa wakati ule, na kila mwanafunzi aliombwa alete mzigo wa kuni. Nikatangaza kwamba asiye na sare kamili hataingia chumba cha karamu.

Kijana mmoja alikuja na kaptura iliyotiwa viraka kwa kipande cha kanga ya mama yake. Ilikuwa safi, imefuliwa na kupigwa pasi. Nilimsimamisha mlangoni mbele ya wenzake, nikamwambia arudi nyumbani. Hakubisha. Alipita nyuma ya jiko, pale zilipokuwa kuni alizozileta mwenyewe asubuhi zikiwaka chini ya sufuria, akaenda zake. Alimaliza shule wiki chache baadaye. Sijapata kumwona tena.

Kesho yake asubuhi, kabla wengine hawajaamka, niliichukua tena ile karatasi ya mavazi. Safari hii niliisoma hadi mwisho. Suti na tai zilitajwa kwa wanaume watu wazima. Kuhusu watoto iliandikwa tu kwamba wavae nadhifu. Kumbe sharti la tai kwa mtoto halikuwa la meli, lilikuwa langu. Na lile la mwaka 1983 pia lilikuwa langu. Hakuna ofisi iliyoniagiza niwanyime watoto pilau. Nilimwamsha mvulana, nikamwomba radhi. Sikuwahi kumwomba mwanafunzi radhi katika miaka yangu yote 38. Alinitazama, kisha akauliza kama kuna chapati za maji asubuhi hiyo. Zilikuwapo za kizungu, nikala naye.

Sisemi kwamba mtoto aende mezani vyovyote. Kuvaa vizuri ni kumheshimu aliyepika na anayeketi nawe. Lakini nilijifunza mambo machache ambayo mzazi anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo angefaa kuyajua. Mvulana anatosha kwa shati la kola na suruali ndefu. Kizibao kikiwepo kitampendeza bila kumbana. Msichana anatosha kwa gauni analoweza kukimbia nalo. Viatu vivaliwe nyumbani wiki mbili kabla. Uwepo mkono wa pili wa nguo, kwa kuwa supu na meli inayoyumba havipatani. Sweta lisisahauliwe, maana kumbi zile ni za baridi. Usitegemee pasi chumbani, kwa kuwa meli nyingi zinakataza kwa kuogopa moto. Chagua kitambaa kisichokunjamana. Usiku wa kawaida, nguo za kuogelea na ndala ziachwe chumbani. Na usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango yakachukuliwe, basi bakiza nguo za asubuhi, usije ukashuka bandarini na mtoto aliyevaa nguo za kulalia. Zaidi ya yote, kama zipo zamu mbili za kula, chagua ya mapema. Mtoto mwenye njaa na usingizi hana suti inayomkaa.

Usiku wa sita tulikuwa tumeondoka Bergen. Jua la kule wakati huo wa mwaka halina haraka ya kuzama, na mchumba wangu aliuliza kama tunakwenda kula cha mchana. Safari hii sikumvisha mtu. Mvulana alifungua sanduku langu mwenyewe, akatoa shati la kitenge nililomletea kutoka nyumbani, akalivaa juu ya suruali ya ile suti. Mhudumu alimvutia kiti kama alivyowavutia wenye tai. Alikula samaki, akala viazi, akaomba aiskrimu mara mbili, na ya pili ikamdondokea kifuani.

Nilinyoosha mkono nimfute, nikajizuia. Alikuwa bado anakula.

Yule kijana wa kuni sasa ni mtu wa zaidi ya miaka 50, kama yu hai. Huenda naye ana wajukuu. Nikimpata nitamwomba radhi kama nilivyomwomba mjukuu wangu, na nitamkaribisha pilau nyumbani kwangu, avae atakavyo.